Tutembee na Mbwa Wetu

Leo tujifunze juu ya mnyama ambaye tuko naye vijijini siku zote, lakini watu wengi hawamtazami. Mnyama huyo ni mbwa.

Ng'ombe tunawahesabu kila jioni. Mbuzi tunawajua kwa rangi na kwa pembe. Hata kuku, mama mwenye nyumba anajua yupi anataga na yupi ameatamia. Lakini mbwa je? Muulize mtu, "Mbwa wako ana umri gani?" Atakujibu, "Aa, huyu? Yupo tu siku nyingi." Usiku mwizi akija, mbwa anaitwa kwa sauti kubwa. Asubuhi anafukuzwa jikoni kwa ukuni.

Sisi tunasema mbwa anastahili zaidi ya hapo. Mbwa ni mwenzi wa kutembea naye. Mtu anayekwenda shambani, kisimani au machungani pamoja na mbwa wake anapata faida, na tena anapata raha. Neno hili la raha tumeliandika kwa makusudi. Masomo ya mifugo huzungumzia nyama, maziwa na samadi. Mbwa hatupi hata kimoja. Anatupa ulinzi na urafiki, na urafiki haupimwi kwa debe.

Kuna jambo jingine zito. Mbwa unayetembea naye kila siku unamjua. Kwa kuwa unamjua, siku akibadilika utaona. Jambo hilo linahusu maisha ya watoto wetu, kama tutakavyoeleza mbele.

Mbwa alitoka wapi?

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Alifugwa kabla ya ng'ombe, kabla ya mbuzi, kabla ya kuku, hata kabla watu hawajajua kulima. Asili yake ni wanyama wakali wa nchi za kaskazini, wale ambao katika Biblia ya Kiswahili wameitwa mbwa-mwitu. Jina hilo linachanganya watu. Mbwa mwitu wa huku kwetu, yule mwenye mabaka na masikio ya mviringo, ni mnyama mwingine kabisa. Mbwa wa nyumbani hakutoka kwake. Wala hakutoka kwa fisi, ingawa mwenye nyama iliyoibwa huwa anasema hivyo.

Mwaka 1914, huko Ujerumani, mahali panapoitwa Oberkassel karibu na mji wa Bonn, wachimba mawe walikuta kaburi la kale sana. Ndani mlikuwa na mifupa ya mwanamume, mwanamke na mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka 14,000 hivi. Baadaye wataalamu walichunguza meno ya yule mbwa. Wakaona alama za ugonjwa mkali alioupata angali mdogo. Wanasema asingeweza kuishi wiki zile zote bila mtu kumpa maji na kumsafisha. Alikuwa mtoto wa mbwa, tena mgonjwa. Hawezi kuwinda, hawezi kulinda. Basi yule mtu alimuuguza kwa sababu gani, kama si kwa kumpenda?

Njiani

Tuchukue safari ya kawaida ya huku Usukumani. Jua halijatoka. Umeweka jembe begani, umebeba maji na matobolwa ya kula mchana. Umande umejaa majanini. Mbwa wako anatangulia. Anakwenda hatua hamsini, anasimama, anageuka kuangalia kama unakuja, kisha anaendelea. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Ukisimama kusalimiana na mtu, naye analala chini ya mti anangoja. Salamu zikiwa ndefu, kama zilivyo salamu zetu, ataanza kunung'unika kidogo kama mtoto anayemvuta mama yake gulioni.

Wewe unatembea kilomita tatu. Yeye anazidisha, maana anakwenda na kurudi, anaingia kichakani na kutoka. Kila penye kisiki anasimama kunusa. Hapo wengi hukasirika wakamrushia bonge la udongo: "Twende, wewe!" Lakini hebu ngoja kwanza. Mbwa anaponusa kisiki, anasoma.

Ndiyo, anasoma. Sisi tulijifunza kusoma kwa macho, tukaanza na a, e, i, o, u. Mbwa husoma kwa pua. Mbwa mwingine akipita pale na kukojoa, ameacha habari zake: kama ni dume au jike, kama jike huyo yuko tayari kupandwa, kama alipita jana au sasa hivi. Kisiki ndilo gazeti lao. Anayemkurupusha mbwa wake penye kila kisiki ni sawa na mtu anayekunyang'anya ukurasa huu kabla hujamaliza mstari wa pili. Mpe nafasi kidogo. Shamba halitahama.

Pua ya mbwa ina umajimaji, na umajimaji huo husaidia kunasa harufu. Uwezo wake wa kunusa unatushinda mara nyingi sana, ndiyo maana polisi wa nchi nyingi hutumia mbwa. Masikio yake husikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Katika rangi, hata hivyo, sisi tunamshinda. Mbwa huona vizuri bluu na manjano, lakini nyekundu na kijani zinamchanganya. Mtupie nyanya mbivu katika majani mabichi, utaona anaitafuta kwa pua. Usiku sasa, yeye ndiye mwenye macho.

Mnapita penye majani marefu. Ghafla mbwa anasimama. Nywele za mgongoni zimesimama, anabweka huku anarudi nyuma. Usimpite! Huenda ni nyoka. Mbwa hambwekei nyoka kama anavyombwekea mgeni, wala hambwekei mgeni kama anavyowabwekea pimbi juu ya mawe. Aliyezoea kutembea na mbwa wake hutambua tofauti hiyo, kama mama anavyotambua kilio cha njaa na kilio cha maumivu. Hili halifundishwi darasani. Linapatikana kwa kutembea.

Mzee mmoja mchungaji alituambia hivi: "Macho yangu yameisha. Nikienda lamboni naangalia masikio ya mbwa wangu. Yakisimama, nasimama. Yakilala, naendelea."

Tukamuuliza, "Na akikosea je, mzee?"

Akacheka. "Hukosea. Juzi alinisimamisha kwa ajili ya kobe."

Akina mama wanaochota maji alfajiri wanajua pia thamani ya mwenzi wa miguu minne. Njia ni ile ile na giza ni lile lile, lakini moyo hautishiki sana. Na mtu anayeishi peke yake, mjane au mzee ambaye watoto wake wako mjini, ana wa kumngoja mlangoni akirudi. Msidhani hilo ni jambo dogo.

Halafu kuna kicheko. Pamba imeliwa na wadudu, deni la dawa lipo, mgongo unauma. Mnarudi nyumbani kimya. Mbele kuna kanga ishirini. Mbwa anawakurupukia kwa nguvu zake zote, kana kwamba leo atawakamata wote. Wanaruka. Hapati hata unyoya. Anarudi ulimi nje, mkia juu, kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Hata ukiwa na shida gani, utacheka tu.

Adabu za njiani

Mbwa wa kutembea naye hafundishwi kwa fimbo. Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba, huyafumbua baada ya wiki mbili hivi. Asiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki 8. Tangu wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi anajifunza nani ni rafiki na kitu gani si cha kuogopa. Huo ndio wakati wa kumshika, kumbeba, kumwonyesha mbuzi, kuku, baiskeli, pikipiki na watoto wa shule. Mbwa aliyekosa mambo hayo utotoni mara nyingi huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye huuma.

Mpe jina fupi. Wengine humpa mbwa jina la kumsema jirani, jambo ambalo tumeona likileta kesi kwa balozi. Simba au Popi inatosha. Mwite jina hilo, akija mpe kipande cha ukoko wa ugali. Baada ya siku chache atakuja hata kama huna kitu mkononi. Ukimwita akaja, kisha ukampiga kwa kosa la asubuhi, umemfundisha jambo moja tu: asije tena. Yeye hakumbuki kosa la asubuhi. Anachojua ni kwamba ameitwa, amekuja, amepigwa.

Mvishe kamba shingoni mapema, umtembeze nayo dakika chache kila siku. Wengi wetu huku hatuna desturi hiyo. Tutaona baadaye kwa nini inafaa.

Njiani mbwa asifukuze mbuzi wa watu. Akimuua, mwenye mbwa ndiye atakayelipa, na hapo urafiki wa majirani umeisha. Kuwinda bila kibali ni kosa, hata kama aliyemkamata mnyama ni mbwa wako. Wala usiingie na mbwa ndani ya hifadhi ya taifa.

Ndugu zetu Waislamu wengi hawataki mate ya mbwa yawaguse, kwa kuwa ni najisi, na chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo dini yenyewe inaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Basi ukipita karibu na msikiti au na nyumba ya Mwislamu, mwite mbwa wako awe karibu nawe, asiingie uani kwa watu. Ukifanya hivyo hakuna ugomvi.

Tena, mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kutoa ulimi na kutweta. Saa saba mchana, jua kali, udongo unaunguza, usimkokote safari ndefu. Tembeeni asubuhi na jioni, na mkifika penye maji anywe.

Chakula na minyoo

Mbwa wengi vijijini hula ugali uliobaki. Si vibaya, lakini ugali mtupu haumtoshi. Mwongezee vichwa vya dagaa, mchuzi, au mabaki ya nyama iliyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, maana hupasuka ikawa kama miba ikamchoma tumboni.

Tahadhari kubwa iko machinjioni. Mara nyingine maini au mapafu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo huwa na vifuko vyenye maji. Watu huvikata na kumtupia mbwa. Msifanye hivyo! Ndani ya vifuko hivyo mna vijidudu vya tegu. Mbwa akila, tegu hukua katika utumbo wake. Mayai hutoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwa mboga isiyooshwa, vifuko vile vile huota ndani ya mwili wake, mara nyingi katika ini au mapafu, navyo hukua polepole kwa miaka. Ndugu zetu wa Turkana, nchini Kenya, wamesumbuliwa sana na ugonjwa huo. Basi, vifuko hivyo vichomwe moto au vifukiwe chini sana. Tunawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa, na mbwa apewe dawa ya minyoo.

Mbwa akibadilika

Ule ugonjwa ambao wataalamu wanadhani ulimpata mbwa wa Oberkassel bado upo mpaka leo. Unaitwa distempa. Haumpati mtu, lakini huua mbwa na wanyama wengine. Mwaka 1994 uliingia Serengeti. Simba wapatao 1,000 walikufa, yaani karibu theluthi moja ya simba wote wa kule. Walioshukiwa kuuanzisha ni mbwa wa vijiji vya jirani. Mbwa wetu anapotembea, ugonjwa alio nao unatembea naye.

Ugonjwa unaotuhusu sisi zaidi ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka duniani, na wengi wao ni wa Asia na Afrika. Katika kila wagonjwa 100, karibu 99 wameambukizwa na mbwa. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto huchezea mbwa, na mara nyingi hasemi kwamba ameumwa kwa sababu anaogopa kuchapwa. Kwa hiyo tusimchape.

Sasa turudi kwenye lile tulilosema mwanzo. Mbwa asiye na wa kutembea naye anaweza kuugua siku tatu, na hakuna anayejua. Lakini wewe ambaye unajua jinsi wako anavyotangulia, anavyobweka, anavyokula, utashtuka mapema. Mbwa mpole amekuwa mkali bila sababu. Au mbwa mchangamfu amejificha gizani, hataki kuitwa. Sauti imebadilika. Anatokwa na mate, taya linalegea, hawezi kumeza. Anayumba. Anauma mawe na vijiti. Usijaribu kumtazama kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa! Kaa mbali, ondoa watoto na mifugo, umpigie simu afisa mifugo mara moja.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa, au mate ya mbwa yakiingia kwenye kidonda, osha mahali hapo papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo angalia saa. Usipake majivu, pilipili wala dawa ya mizizi. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo hii. Ikikosekana, uliza hospitali ya wilaya. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, mara nyingine baada ya wiki moja tu, na hata mwaka. Hivyo usiseme, "Mbona kidonda kimepona?" Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo ikitolewa mapema, mtu anapona. Jambo hili limejulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja huko Ufaransa mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaokoka.

Kama mbwa aliyeuma anaonekana mzima, afungwe na aangaliwe siku 10. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende hospitali. Aende kwanza.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaua mbwa wote. Haifai. Hao wanaouawa ni pamoja na waliokwisha kuchanjwa, na baada ya muda wengine wasiochanjwa huja kushika nafasi yao. Kinachofaa ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kuenea.

Na hapa ndipo ile kamba inapokuja. Siku ya chanjo ikitangazwa, watu wengi hubaki nyumbani. Si kwamba hawataki. Mbwa hakamatiki! Hajawahi kushikwa tangu azaliwe. Wanaume watatu wanamfukuza kuzunguka nyumba, anaingia kwenye mtama, wanarudi wamechoka. Au anamuuma mwenye mbwa mwenyewe. Lakini mbwa aliyezoea kamba na matembezi anadhani leo mnakwenda shambani tu. Anatangulia, anasimama, anageuka kukutazama, mpaka mnafika penye foleni. Mara nyingi ni mtoto wa nyumba ndiye anayemleta, maana ndiye anayecheza naye. Mtu mzima aende pamoja na mtoto huyo, kwa sababu penye mbwa wengi ugomvi hauko mbali.

Ukirudi nyumbani na cheti, chukua daftari lako la kisomo, fungua ukurasa mpya, uandike kwa mkono wako. Mfano ni huu:

Jina la mbwa: Popi. Jike. Rangi kahawia, miguu ya mbele meupe mpaka magotini. Alizaliwa wakati wa kuvuna mpunga. Amechanjwa leo, tarehe ... mwezi ... mwaka ... Chanjo ijayo: tarehe ... mwezi ... mwaka ... Anayetembea naye kila siku: ...